Burger King ya Mattoon: Jina Moja, Madaftari Mawili

Katika mji wa Mattoon, jimbo la Illinois nchini Marekani, kuna mgahawa unaoitwa Burger King ambao hauna uhusiano wowote na kampuni kubwa ya baga inayojulikana duniani kwa jina hilo. Kampuni hiyo, yenye maelfu ya migahawa, imezuiwa kufungua tawi mjini humo kwa jina lake yenyewe. Chanzo ni hukumu ya mwaka 1968, katika kesi ya Burger King of Florida dhidi ya Hoots, ambayo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya sheria.

Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Ukiisoma hukumu yenyewe, ushindi huo unapungua sana. Utakutana na familia iliyofanya karibu kila kitu ambacho mshauri angewaambia wafanye: walichagua jina zuri, wakalitumia, wakaenda kulisajili, wakapewa cheti. Mwisho wake walipoteza jimbo zima na kubakiziwa mji mmoja. Kwa anayejiandaa kusajili jina la biashara mpya, sehemu yenye faida ni hiyo ya walichopoteza. Cheti chao kilikuwa halali na kilitolewa na mamlaka halali, lakini hakikuwafikisha pale walipoamini kinawafikisha. Sababu zake ndizo nitakazozichambua hapa.

Jina lilivyopatikana

Familia ya Hoots ilikuwa na biashara ya aiskrimu mjini Mattoon, iliyoitwa Frigid Queen, yaani Malkia wa Baridi. Mwaka 1957 mume na mke hao waliongeza mgahawa wa baga. Kwa maelezo waliyoyatoa wenyewe miaka ya baadaye, jina lilitoka kwa mke: duka la aiskrimu lilikuwa tayari na malkia, basi baga nazo zipate mfalme. Wakaweka kibao, wakaanza kuuza.

Ukilipima kwa mahitaji ya biashara ya mji mdogo, jina hilo ni zuri. Ni fupi, linatamkika, linamwambia mpita njia kinachouzwa ndani, na linaegemea jina ambalo wateja walikuwa wamelizoea. Lina kasoro moja tu, na kasoro hiyo haionekani ukiwa umesimama Mattoon: yeyote anayeuza baga anaweza kulifikia jina hilo bila kumwiga mtu. Neno la kwanza ni bidhaa yenyewe. La pili ni sifa ambayo kila mfanyabiashara hutamani kujipa. Majina ya namna hii yanapendwa kwa sababu yanajieleza, na kwa sababu hiyohiyo yanawajia watu wengi kwa wakati mmoja, katika miji iliyo mbalimbali, wote kwa nia njema.

Ndivyo ilivyokuwa. Huko Jacksonville, jimbo la Florida, watu wengine walikuwa wameanza kulitumia mwaka 1953. Rekodi ya mahakama inaonyesha walivyokua. Mwaka 1955 walikuwa na migahawa 15 katika majimbo ya Florida, Georgia na Tennessee. Mwaka 1956 ilifika 29, baada ya kuingia Alabama, Kentucky na Virginia. Mwaka 1957, ule ambao familia ya Hoots ilifungua milango, ilikuwa 38. Hakuna hata mmoja uliokuwa Illinois, ingawa Kentucky inapakana na Illinois.

Kwa hiyo jina lilipowekwa kwenye kibao cha Mattoon, lilikuwa tayari na mwenyewe kusini mwa nchi, na mwenyewe huyo alikuwa akisogea kaskazini. Mahakama ilikubali kwamba familia haikujua. Wakati huo kampuni ya Florida haikuwa jina la dunia. Ilikuwa biashara ya mikoa ya kusini ambayo mtu wa Illinois angeweza kuishi maisha yake yote bila kuisikia.

Cheti cha mwaka 1959

Julai 1959, miaka miwili baada ya kufungua, familia ilisajili jina hilo chini ya sheria ya alama za biashara ya jimbo la Illinois. Hapa nataka msomaji atulie kidogo, kwa sababu hatua hii ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Katika nchi nyingi kuna angalau madaftari mawili ambayo mjasiriamali huyachanganya. La kwanza ni la majina ya biashara. Humo serikali hutaka kujua nani yuko nyuma ya jina fulani, ili anayedai au anayedaiwa aweze kupatikana na kodi ijulikane inatoka kwa nani. Kuandikishwa humo hukupa ruhusa ya kufanya biashara kwa jina hilo. La pili ni la alama za biashara, na humo ndimo inamotoka haki ya kumzuia mwingine asilitumie jina hilo kwa bidhaa au huduma za aina hiyo. Mtu anaweza kuwa na cheti cha kwanza, akakilaza kwenye fremu ya kioo ukutani, na siku moja akapokea barua ya wakili wa mwenye cheti cha pili ikimtaka aondoe kibao.

Familia ya Hoots haikufanya kosa hilo, na ndiyo maana kesi yao inafundisha kuliko nyingine nyingi. Wao walikwenda kwenye daftari la alama. Tatizo ni kwamba Marekani ina madaftari ya alama ya ngazi mbili: kila jimbo lina lake, na serikali ya shirikisho ina la nchi nzima. Walisajili la jimbo.

Je, wangetafuta zaidi wangegundua? Tuchukulie kwamba mwaka 1959 walimtuma mtu apekue daftari la shirikisho. Cheti cha kampuni ya Florida kilikuwa bado hakijatolewa. Daftari la jimbo nalo lilikuwa safi, ndiyo maana walisajiliwa. Kwa mtu wa kawaida, hiyo ingetosha kusema jina liko wazi. Lakini chini ya sheria ya Marekani haki ya alama huzaliwa kwa kuitumia sokoni, na daftari huja baadaye kuitambua na kuipanua haki ambayo tayari ipo. Daftari safi linakuambia kwamba hakuna aliyeandikisha. Haliwezi kukuambia kwamba hakuna anayelitumia. Njia pekee ya kuwapata watu wa Jacksonville ilikuwa kutafuta nje ya madaftari: vitabu vya simu vya miji mikubwa ya majimbo jirani, magazeti ya wenye migahawa, matangazo ya kutafuta wawekezaji wa matawi. Siwalaumu kwa kutofanya hivyo mwaka 1959. Leo kazi hiyo hufanyika mezani kwa alasiri moja, na anayeiacha hana utetezi wa aina hiyo.

Kampuni inaingia huku ikijua

Julai 1961 kampuni ya Florida ilifungua mgahawa wake wa kwanza wa Illinois, mjini Skokie, karibu na Chicago. Hukumu inasema wazi kwamba wakati huo ilikuwa na taarifa ya usajili wa familia ya Hoots katika jimbo hilo. Iliingia hata hivyo. Tarehe 3 Oktoba 1961 ilipata cheti cha alama cha shirikisho.

Tarehe 26 Septemba 1962 familia nayo ilifungua mgahawa wa pili, katika mji jirani wa Charleston. Mwaka huohuo pande mbili zikaanza kutuhumiana, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba anaingilia jina lake ndani ya Illinois. Kisha kampuni ikafungua Champaign, mji ulio kaskazini mwa Mattoon, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Hapo familia ikaenda mahakama ya jimbo kuomba kampuni izuiwe kulitumia jina hilo Illinois nzima. Kampuni ikajibu kwa kufungua kesi yake katika mahakama ya shirikisho, na familia ikaleta humo madai kinzani.

Kesi ilisikilizwa Novemba 1967. Kufikia siku hiyo kampuni ilikuwa na migahawa zaidi ya 50 katika jimbo la Illinois peke yake.

Takwimu hiyo inaniambia jambo ambalo hukumu haikulazimika kulisema. Mwaka 1962 kampuni ndiyo kwanza ilikuwa imeingia jimboni, sheria ya shirikisho iliyohusika ilikuwa na umri wa miaka 15 tu, na hakuna aliyeweza kutabiri kwa uhakika mahakama ingesema nini kuhusu cheti cha jimbo kilichotangulia. Mwenye cheti hicho alikuwa na nguvu ya kukaa mezani: kuuza haki ya maeneo mengine ya jimbo kwa bei nzuri, abaki na Mattoon na Charleston kwa mkataba ulioandikwa. Kila mgahawa uliofunguliwa baada ya hapo uliipunguza nguvu hiyo. Mahakama huona vigumu kuamuru vibao hamsini vishushwe kwa ajili ya viwili. Anayeshikilia haki ya jina na kuona mwingine akilitumia hana muda wa kusubiri, hata kama sheria imempa miaka ya kufungua madai.

Mahakama ilivyopima

Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Mzunguko wa Saba, inayosikiliza rufaa za shirikisho kutoka Illinois, ilitoa hukumu yake Novemba 1968. Ili kuielewa ni lazima kurudi nyuma nusu karne.

Mwaka 1918 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya United Drug dhidi ya Rectanus. Mwanamke wa Massachusetts alianza kuuza dawa ya tumbo kwa jina la Rex mnamo 1877. Mfamasia wa Louisville, Kentucky, naye akaanza kutumia jina hilohilo kwa dawa yake karibu mwaka 1883, bila kumjua. Miongo ilipita. Kampuni iliyonunua haki ya mama yule ilipofika Louisville mwaka 1912, ilimkuta mfamasia amelijenga jina hilo mjini kwake. Mahakama ilisema kwamba haki ya jina haielei hewani peke yake. Ni sehemu ya biashara inayolitumia, na inaishia pale biashara hiyo inapoishia. Aliyetangulia Massachusetts hakuwa ametangulia Louisville.

Chini ya kanuni hiyo pekee, kesi ya Burger King ingekuwa rahisi: Florida ni ya kampuni, Mattoon ni ya familia, na kila eneo katikati ni la atakayefika kwanza kwa nia njema. Lakini mwaka 1946 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya alama za biashara, iitwayo Lanham, iliyoanza kutumika tarehe 5 Julai 1947. Sheria hiyo iliongeza nguvu ya cheti cha shirikisho. Tangu siku kinapotolewa, kila mtu nchini huhesabiwa kuwa anajua. Hata kama hujawahi kulisikia jina, hata kama unaishi maili elfu moja kutoka kwa mwenye cheti, baada ya tarehe hiyo huwezi tena kusema ulilichukua bila kujua.

Sheria hiyo iliacha mlango mmoja. Aliyeanza kulitumia jina bila kujua, kabla ya cheti kutolewa, na akaendelea kulitumia bila kukatiza, analindwa. Ila analindwa katika eneo lile tu ambalo matumizi yake ya awali yamethibitishwa.

Sasa weka tarehe za familia juu ya maneno hayo. Mgahawa wa Mattoon ulifunguliwa 1957, kabla ya 3 Oktoba 1961, bila kujua, na haukufungwa. Unalindwa. Mgahawa wa Charleston ulifunguliwa Septemba 1962, karibu mwaka mzima baada ya cheti. Kwa sheria, siku hiyo familia ilihesabiwa kuwa inajua. Illinois iliyobaki haikuwahi kuwa na mgahawa wao hata mmoja.

Wakili wa familia alijenga hoja yake juu ya cheti cha jimbo: kama jimbo lenyewe lilitusajili mwaka 1959, basi haki yetu imelijaza jimbo lote kabla kampuni haijapata cheti cha shirikisho, na hata ilipoingia Skokie ilikuwa inajua. Ni hoja yenye mantiki, na inakaribiana sana na fikra ya mtu yeyote aliyewahi kusajili jina: nimeandikishwa katika eneo hili, kwa hiyo eneo hili ni langu. Mahakama ilikataa. Ilisema usajili wa jimbo ungewapa haki ya kipekee Illinois nzima iwapo wangekuwa wamelitumia jina hilo Illinois nzima kabla ya cheti cha shirikisho. Kusajili bila kutumia hakukujaza ramani. Jimbo haliwezi kwa cheti chake kuipunguza haki ambayo sheria ya nchi nzima imempa mwingine.

Hivyo kampuni ikapewa jimbo la Illinois, na familia ikapewa eneo la soko la Mattoon, ambalo hutajwa kuwa duara la maili 20, yaani takriban kilomita 32. Ndani ya duara hilo kampuni haiwezi kuingia kwa jina lake. Nje yake familia haiwezi kutoka kwa jina lao.

Tarehe moja ikihamishwa

Njia nzuri ya kujifunza kutoka kwa kesi kama hii ni kuihamisha tarehe moja kisha kuangalia matokeo yanavyogeuka.

Tuseme kampuni ya Florida ilipata cheti cha shirikisho mwaka 1956, ilipokuwa na migahawa 29 katika majimbo sita. Familia ya Hoots inapofungua 1957, sheria inawahesabu wanajua. Hakuna Mattoon, hakuna duara, na wangeweza kuamriwa kushusha kibao baada ya miaka ya kukijenga. Kampuni ilipoteza mji mmoja kwa sababu ilikaa miaka minane tangu kuanza biashara hadi kupata cheti. Kwa bahati yake ilikuwa mji mmoja tu. Katika miaka hiyo minane watu kumi tofauti wangeweza kulifikia jina hilo, na kila mmoja angekuwa na duara lake.

Tuseme badala yake familia ilifungua migahawa sita katika sehemu mbalimbali za Illinois kati ya 1957 na 1961. Kila mmoja ungekuwa na eneo lake, na huenda jimbo zima lingekuwa lao. Cheti chao cha 1959 hapo kingekuwa na kitu cha kukijaza. Hii haimaanishi kwamba wangepaswa kukimbilia kupanuka. Biashara nyingi hufa kwa kupanuka kabla ya wakati. Inamaanisha kwamba pale haki inapofuata matumizi, mpango wa jina na mpango wa kukua ni mpango mmoja, na anayejua atakwenda miji gani ndani ya miaka mitatu ijayo anapaswa kulisema hilo mezani kwa wakili siku ya kwanza.

Sheria ya leo imebadilika kidogo, na mabadiliko yanaonyesha kwamba Bunge la Marekani liliiona shida hiyo. Marekebisho yaliyopitishwa mwaka 1988 na kuanza kutumika Novemba 1989 yanamruhusu mtu kuomba alama ya shirikisho kabla hajaanza kuitumia, kwa kutangaza nia ya dhati ya kuitumia. Akishaitumia na kusajiliwa, kipaumbele chake huhesabiwa tangu siku ya kuwasilisha ombi, nchi nzima. Kama kanuni hiyo ingekuwepo miaka ya 1950, tarehe ya kutazama isingekuwa ya cheti, ingekuwa ya fomu kupokelewa. Kwa anayeanza leo maana yake ni nyepesi kuieleza: ombi la alama linaweza kutangulia kibao, na mara nyingi ndiyo busara litangulie.

Nje ya Marekani hesabu inaweza kuwa kinyume kabisa. Zipo nchi nyingi ambazo aliyesajili kwanza humshinda aliyetumia kwanza, isipokuwa katika mazingira maalumu kama kusajili kwa hila au jina kuwa maarufu sana. Katika nchi ya aina hiyo, kama familia ingekuwa imesajili alama ya kitaifa mwaka 1959, kampuni ya Florida ndiyo ingekuwa inatafuta jina jingine.

Na kweli ililazimika kulitafuta. Kampuni hiyohiyo ilipotaka kuingia Australia mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuta jina Burger King limekwisha kusajiliwa huko na mwenye duka la vyakula wa Adelaide. Safari hii hapakuwa na cha kubishana. Mwekezaji wake, Jack Cowin, alipewa orodha ya majina mengine ambayo kampuni mama, Pillsbury, ilikuwa inayamiliki. Akachagua Hungry Jack, lililokuwa likitumika kwa unga wa keki za kikaangoni, na kulibadilisha kidogo likawa Hungry Jack's. Mgahawa wa kwanza ulifunguliwa mjini Perth mwaka 1971. Usajili wa Adelaide ulipokwisha katika miaka ya 1990, kampuni ilianza kufungua migahawa kwa jina lake la asili kando ya ile ya mwekezaji wake, wakaishia mahakamani, na kampuni ikashindwa. Leo Waaustralia wanalijua jina lile la pili. Duka moja lililosajili mapema katika nchi ambayo daftari lina nguvu lilipata kile ambacho familia ya Hoots ilikuwa inakiomba.

Uchaguzi wa jina wenyewe

Kesi hizi zote mbili zimetokana na jina lililo rahisi kufikiwa, na hapa ndipo ningependa anayeanza biashara atumie muda mwingi kuliko anavyotumia kwa nembo na rangi.

Wanasheria wa alama huyapanga majina kwa ngazi ya nguvu. Chini kabisa ni neno ambalo ndilo bidhaa yenyewe. Hilo hakuna anayeweza kulimiliki. Juu yake ni majina yanayoeleza bidhaa au sifa yake, ambayo hulindwa tu baada ya umma kuyazoea kama jina la mtu mmoja, na kazi hiyo huchukua miaka na fedha. Yanafuata yanayodokeza bila kusema, kisha maneno ya kawaida yaliyopachikwa mahali yasipohusiana na bidhaa, na juu kabisa maneno yaliyobuniwa. George Eastman aliisajili alama ya Kodak mwaka 1888. Lilikuwa neno alilolitunga yeye mwenyewe, halikuwa na maana katika lugha yoyote aliyoijua, na alilianza na kulimaliza kwa herufi K kwa sababu aliipenda. Mtu wa Jacksonville na mtu wa Mattoon wasingeweza kulitunga neno hilo kila mmoja kivyake.

Gharama ya jina la kubuni ipo, na ni lazima isemwe. Halimwambii mteja chochote. Familia iliyo na mgahawa mmoja kwenye mji wa watu wanaofahamiana haina bajeti ya kulifundisha jina geni, na jina linalojieleza huleta mauzo tangu wiki ya kwanza. Kwa hiyo sitasema familia ya Hoots ilichagua vibaya. Ilichagua jina la mji mmoja, na ikapata ulinzi wa mji mmoja. Mgogoro ulianza pale jina la mji mmoja lilipotakiwa kuwa jina la jimbo. Ambaye ana uhakika hatatoka mtaani kwake anaweza kuchukua jina linalojieleza na kulala usingizi. Mwenye ndoto ya matawi na achague gumu kidogo, avumilie mwaka wa kwanza wa watu kuuliza maana yake.

Kuna jambo la aina za bidhaa pia, nalipitia haraka. Alama haisajiliwi kwa kila kitu. Nchi nyingi hufuata mpangilio wa kimataifa uliotokana na mkataba uliotiwa saini mjini Nice, Ufaransa, mwaka 1957, ambao sasa una madaraja 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Huduma za mgahawa ziko daraja la 43, aiskrimu iko la 30. Biashara kama ya familia ya Hoots, yenye aiskrimu na baga, ingetakiwa kufikiria yote mawili. Sajili unachouza na unachokusudia kuuza karibuni. Kujaza madaraja usiyoyatumia hukuongezea ada, na katika sheria nyingi alama isiyotumika kwa miaka kadhaa inaweza kufutwa mtu akiomba.

Na kabla ya ombi lolote, pekua kwa sauti, si kwa herufi tu. Mahakama na wasajili huuliza kama mteja wa kawaida atachanganya. Kubadili herufi moja, kuongeza kiambishi, au kuandika kwa tahajia ya mtindo hakukutengi na jina linalosikika vilevile kwenye simu. Pekua daftari la alama, daftari la majina ya biashara na ya kampuni, majina ya tovuti, na mitandao ambamo watu wa biashara yako hujitangaza. Kisha tunza ushahidi wa mwanzo wako: risiti ya kwanza, picha ya kibao ikiwa na tarehe, tangazo la gazetini, leseni. Kesi ya Mattoon yote iliamuliwa na tarehe nne, na familia ilibaki na mji wake kwa sababu ile ya 1957 ilithibitika.

Duara la Mattoon nalo lina sharti ambalo wasimuliaji wa kisa hiki hulisahau. Ulinzi ule ni wa matumizi yasiyokatika. Mwenye mgahawa huo hawezi kuufunga kwa miaka, akalikalia jina, halafu akaliuza kama shamba lililolala. Siku matumizi yatakapokoma kwa kukusudia kuacha, haki inakoma, na cheti cha shirikisho cha kampuni kitaenea juu ya maili zile 20 bila kesi nyingine. Anayekuja kuununua mgahawa huo inampasa ahakikishe mkataba unahamisha jina pamoja na biashara inayoendelea, na kwamba jiko halizimwi kati ya mwenye kuuza na mwenye kununua.